Mwenye Upawa Huchukua Mwisho

Tangu nistaafu, vijana walioshika jiko langu hunipigia simu kuniuliza mambo ya chumvi. Gunia la maharage linataka chumvi kiasi gani, ukoko unatokaje kwenye sufuria kubwa bila kukwaruza, kuni zipi zina moshi mchache. Nawajibu, maana salio ni lao. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza lile ambalo mimi niliona ndiyo kazi yenyewe: watoto unawakalishaje? Nani anakula na nani, na nani anagawa? Kwa kuwa hawaniulizi, nimeamua kuandika bila kuulizwa, kama wastaafu wote. Nimeishia darasa la saba. Anayetaka maneno makubwa ya malezi ya vijana aende kwa walimu, wanayo kabatini.

Nilianza Nachingwea, kwenye shule ya sekondari ambayo sitaitaja, nikiwa kibarua wa kuosha sufuria. Siku ya kwanza nilivaa khanga mpya, ujinga wa msichana anayedhani jikoni kuna watu wa kumtazama. Kufikia saa nne asubuhi khanga ilikuwa na matundu matatu ya cheche. Mkuu wa jiko alikuwa Mzee Saidi, mtu mfupi na mkavu, aliyepika kambini ujanani na bado alizungumza na sufuria kwa amri. Alinitazama, akasema, "Binti, jikoni nguo nzuri ni ile isiyowaka." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya usalama kazini.

Mwiko wake wa ugali ulinifikia begani. Miezi ya kwanza sikuruhusiwa kuugusa, nilikuwa nauosha tu na kuuegemeza ukutani kichwa kikiwa juu, maana ukiuacha umelala unapinda. Siku aliponiachia kusonga, niliweka unga mwingi kabla maji hayajachemka vizuri, ukatoka ugali wa mabonge ambao wavulana waliupa jina la kokoto. Mzee Saidi hakunigombeza. Alinituma niupeleke mwenyewe kwa walaji na nisimame hapo mpaka waumalize. Tangu siku hiyo sijawahi kuharakisha maji.

Lakini kifaa alichokithamini zaidi hakikuwa mwiko. Kilikuwa upawa mdogo wa kifuu cha nazi, wenye mpini mweusi kwa kushikwa. Sinia moja lilikuwa na watoto sita, wa vidato tofauti, na kila sinia lilikuwa na mtoto mmoja anayeshika upawa na kugawa kitoweo. Mwenye upawa huchukua mwisho. Ukikata vipande vikubwa vitano na kimoja kidogo, hicho kidogo ni chako. Ilikuwa zamu ya wiki nzima. Kwenye sinia analokula mtoto mgeni, Mzee Saidi alitoa upawa wake mwenyewe, ule wa kifuu, na kumpa yule mgeni. Nilimuuliza kwa nini ampe asiyejua. Akasema, "Anayejua ana shida gani?"

Alikuwa na kanuni nyingine mbili. Ya kwanza: ugomvi wa sinia usiuingilie mpaka ugali upoe. Watoto wakizozana kuhusu mnofu, usikimbilie na mwiko wako kuamua. Ugali ukipoa na bado wanazozana, hapo nenda. Katika miaka yangu kwake nilimwona akienda mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amelishika sinia lenyewe. Ya pili: mpishi hali na walaji. Akila nao ataanza kupendelea sinia. Kwa hiyo yeye alikula baadaye, peke yake, amesimama, mgongo kwa jiko. Na mimi nikajifunza kula hivyo hivyo.

Jinsi nilivyopanda cheo siisimulii, haikuongeza ladha ya mboga. Nilihamia Ruangwa, kwenye shule yenye bweni la wasichana, nikiwa na upawa wa Mzee Saidi ndani ya begi. Alinipa siku ya kuniaga, akasema yeye macho hayaoni tena nani kachukua kubwa. Mkuu wa shule niliyemkuta Ruangwa alikuwa mtu msafi, akaona masinia ni ushamba. Akaleta sahani, kila mtoto na yake. Ukumbi wa chakula ukatulia kama makaburini. Yeye alifurahi, mimi sikufurahi, na hakuna aliyeniuliza. Wasichana walipakuliwa, wakatawanyika, mmoja ngazini, mwingine kitandani. Sahani zikaanza kupungua moja moja, na muhula ulipoisha zilibaki za walimu. Masinia yakarudi. Niliyasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, nikayapanga pale mkuu anapopita.

Nimewatazama vijana wakila kwa miaka mingi kuliko walimu wengi walivyowatazama wakisoma, na ninachokijua nimekiona pale. Mtoto aliyekulia nyumba ya watu wengi hupunguza tonge kitoweo kikipungua, bila kuambiwa. Aliyelelewa na bibi peke yake huwa na adabu ya ajabu kwa wazee, shikamoo haikauki mdomoni, lakini muweke na wenzake watano wa rika lake, hajui aanzie wapi. Wale wanaotoka nyumba ambazo kila mtu hubeba sahani yake akaiinamie simu, hao huja na maneno yote ya Dar es Salaam, oya na mambo vipi, lakini ukimchukulia mmoja wao mnofu hajui kudai. Ama atalia, ama atapiga. Katikati ya kulia na kupiga kuna maneno mengi sana, na mtoto hayapati mpaka akae na watu wanaotaka kitu kile kile anachotaka yeye. Nilidhani wasichana waliokwisha kuchezwa unyago wangekuwa wepesi zaidi. Si lazima. Kuchezwa kunakufundisha kumheshimu mkubwa. Kuishi na mwenzako anayekoroma kitanda cha juu ni somo jingine.

Hayo yote niliyajua, na bado nikaharibu. Ndiyo sababu naandika.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu aliletwa msichana wa kidato cha kwanza kutoka Narung'ombe, jina lake Esha. Mwembamba, mtandio mpana unaofika kiunoni, macho chini. Wiki ya pili niligundua kuwa sinia lake linarudi na mgao mmoja haujaguswa. Wiki ya tatu nilimkuta nyuma ya rundo la kuni, anakula ukoko niliokuwa nimewatupia kuku. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Aliponiona akauficha ukoko nyuma, na kwa kuuficha akautoa mkono wa kulia nje ya mtandio, ndipo nikauona. Kiganja kilikuwa kimepinda kuelekea ndani na vidole havikunjiki. Alianguka kutoka juu ya mkorosho akiwa darasa la tatu, fundi wa mifupa akaufunga vibaya, ukapona hivyo hivyo.

Msomaji wa kwetu haniombi nieleze zaidi. Sinia moja, watu sita, na wewe utie mkono wa kushoto? Afadhali ulale njaa. Darasani waliona anaandika kwa kushoto, lakini wanaoandika hivyo ni wengi. Kiganja chenyewe alikificha, na kama kuna waliokiona, hawakujua kuwa ndicho kinachomtoa kwenye chakula. Wao waliona mtu anayekataa kula nao. Wakasema anaringa.

"Nyumbani unakulaje?" nilimuuliza.

"Bibi ananiwekea sahani yangu na kijiko changu. Nakula chumbani."

Huruma ikanishika. Nikatafuta sahani ya bati yenye maua mekundu, nikatafuta na kijiko, nikamwambia, "Hata hapa una bibi. Njoo kila siku." Akaja kila siku. Nilimwekea mgao wake chini ya mfuniko karibu na jiko usipoe, na siku ya nyama nilimchagulia mnofu. Mzee Saidi angeniona angeninyang'anya upawa.

Nawaambieni ukweli, mwaka ule ulikuwa mtamu. Esha hakuwa bubu hata kidogo. Alikaa juu ya gogo, kijiko mkononi, akanisimulia Narung'ombe nzima: nani kauziwa mbuzi mgonjwa, bibi yake alivyomfukuza nyani kwenye mahindi kwa kumtukana jina la shemeji yake. Aliiga sauti za watu mpaka wapishi wenzangu wakaacha kupembua maharage. Mimi sikujaliwa mtoto, na mume wangu alikwisha kufariki. Nilizoea kula nimesimama. Sasa nilikuwa nasubiri saa saba mchana ifike. Siku moja nilijikuta nimevuta kigoda nikakaa karibu naye, si kwa kula, kwa kusikiliza tu.

Alipokuwa kidato cha pili, Jumatatu moja, mwalimu wa malezi aliniita ofisini. Humo nilimkuta mwanamume wa makamo, kofia mapajani, viatu vimejaa vumbi la safari. Alikuwa mjomba wake Esha, Bwana Bakari, na kwetu mjomba akisema mtoto anarudi nyumbani, anarudi.

"Shikamoo dada," alinisalimu, ingawa kwa umri hatukupishana sana. "Nimekuja kunchukua ntoto. Ameniandikia barua. Anasema hapa hana hata ntu wa kumuazima sindano. Nimefikiri sana. Ntoto asiye na mwenzake, akiugua nani atasema?"

Nilishangaa. "Esha huyu? Huyu anayenisimulia mpaka maharage yanashika chini?"

Mwalimu alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Kwako, Bi Somoe. Darasani hasemi. Kazi za kikundi hafanyi. Bwenini nimeambiwa wenzake wakiingia yeye anatoka. Mwaka jana alipofika hakuwa hivi, alikuwa na haya ya kawaida. Kwani yeye rafiki yake ni nani?"

Nikafungua mdomo nimtaje mtu, nikakuta wa kumtaja ni mimi tu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu anaijua hiyo, tunaiimbia hata watoto. Mimi nilimfanya Esha mgeni mwaka mzima na zaidi. Kwao bibi yake alimpenda akamweka chumbani. Hapa mimi nilimpenda nikamweka nyuma ya kuni. Wanawake wawili, pendo moja, kosa moja. Na mimi ndiye niliyefundishwa kazi.

Nilimwomba Bwana Bakari anipe mpaka Jumamosi. Aliizungusha kofia yake mara nyingi. "Jumamosi nakuja na pikipiki," alisema, "na kamba ya kufungia sanduku. Nikikuta bado vile, usinizuie, dada."

Jumanne Esha alikuja jikoni kama kawaida, akatazama chini ya mfuniko. Hapakuwa na kitu.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimekosa mimi." Nikampa upawa wa kifuu. "Sinia la Theresia halina mgawaji. Nenda."

Theresia nimweleze. Alikuwa wa kidato cha pili pia, binti wa Kimakonde kutoka Marambo, mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Esha ni Mmwera, na kwetu Wamwera na Wamakonde tunataniana, kwa hiyo Theresia alikuwa na ruhusa ya kumwambia maneno ambayo mwingine angeyasema pangewaka. Wengine waliniuliza kwa nini nimpeleke mtoto mwoga kwa mtu mwenye mdomo ule. Nilimpeleka kwa sababu ya mdomo ule. Mtu wa kunong'ona nyuma ya mgongo simtaki kwenye sinia langu. Wa kusema mbele ya uso anajibika.

Esha alikwenda, akasimama, akaweka upawa kando ya sinia, akaondoka. Hakula siku hiyo. Mimi pia sikula, ingawa nilikuwa nimeonja sana.

Jumatano ilikuwa dagaa. Alirudi, nadhani kwa njaa, akachukua upawa kwa kushoto na kuanza kugawa. Dagaa wakamwagika. Theresia akasema kwa ile sauti yake, "Jamani, leo tunagawiwa kwa shoto? Sisi tumefanya nini?" Wasichana wakacheka. Ulikuwa utani, wala haukuwa mbaya, lakini utani ni mpira, asiyejua kuurudisha unampiga usoni. Esha akadondosha upawa akakimbilia bwenini.

Hapo ndipo kazi ilikuwa ngumu kuliko kusonga ugali wa shule nzima. Miguu yangu ilikwisha kugeuka. Nilitaka kumfokea Theresia, nimfuate mtoto, nimpikie hata uji. Nikakumbuka ugali haujapoa. Nikashika mwiko kwa mikono miwili nisiende popote. Mpishi mwenzangu akaniuliza kama nina maumivu ya tumbo, nikamwambia ndiyo.

Alhamisi Theresia alikuja mwenyewe jikoni, mkononi ana ule upawa, ameusafisha.

"Mama, yule mwenzetu ana nini? Mimi nimemtania tu, amelia usiku kucha. Sasa bweni zima limeninunia."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sentensi moja tu, na Theresia angejua, angetangaza, wote wangemhurumia Esha mpaka kidato cha nne. Huruma yangu ilikwisha kumtosha.

"Muulize mwenyewe," nilisema.

"Nikimuuliza hajibu."

"Basi muulize tena. Wewe mdomo umeanza kuchoka lini?"

Ijumaa Esha alikaa kwenye sinia bila kugawa. Alimega kipande cha ugali kwa kushoto, haraka, akageuka kando akakila kikavu. Nilimwona. Na nilimwona Theresia akimtazama mkono, bila kusema kitu, jambo lililonitia hofu kuliko maneno yake.

Jumamosi ni nyama. Kila mtoto wa bweni ni mwanasiasa siku ya nyama. Bwana Bakari alifika mapema, nikaisikia pikipiki kabla sijaiona, na kamba ilikuwa imeviringishwa kwenye kibebeo kama alivyoahidi. Nilimkalisha juu ya gogo la Esha, mlango wa jiko ukiwa wazi, anaona ukumbi wote.

Esha alishika upawa. Theresia akanyanyua kidole.

"Mtani, kabla hujagawa. Nauliza mbele ya watu. Kwa nini kushoto? Na usikimbie, leo ni nyama, ukikimbia tunaila."

Sinia zima likageuka kumtazama, na la jirani pia. Esha akaupandisha mtandio begani, akauweka mkono wake wa kulia juu ya sinia, kando ya ugali, wote wakauona ulivyopinda.

"Huu ulivunjika nikiwa mdogo, nilianguka mkorosho," alisema. "Haukunjiki. Siwezi kumega tonge nao. Huu wa kushoto nauosha mara mbili, sabuni yangu inaisha kabla ya zenu. Sasa anayekataa mkono wangu akatae na nyama yake, mimi ndiye mgawaji na mwisho ni wangu."

Halafu Theresia akatoa kicheko ambacho nadhani walikisikia mpaka Malolo.

"Mmwera gani anaanguka mkorosho! Si mmezaliwa juu yake?"

"Mmakonde mmoja alikuwa chini anauliza kwa nini kushoto, nikamwangalia, nikaanguka."

Lo! Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Ilikuwa ile sauti yake ya kwenye gogo, ile niliyokuwa nimeificha nyuma ya kuni kama mali yangu. Akagawa. Theresia akalalamika kuwa chake kina mfupa mwingi, Esha akamwambia mfupa nao ni nyama iliyokomaa, wakazozana, na ugali ulikuwa bado unatoa mvuke. Alipokaa kula akasita tena. Mmoja wao, sikuona nani, akainuka akaja mbio jikoni akaniomba kijiko. Nikampa kile kile. Nikamsikia Theresia akisema, "Kijiko hakina kushoto wala kulia. Kaa ule, mtani, upande huo ni wako."

Bwana Bakari aliinuka, akaenda mpaka ukumbini. Esha alimwona, akapiga goti kidogo bila kuacha kijiko. "Shikamoo mjomba. Nisubiri, hatujamaliza."

Alirudi jikoni, akakaa. Alijifuta macho kwa ile kofia, akasingizia moshi. Jiko lilikuwa na makaa tu. Baadaye nilimwona nje akiifungua ile kamba, akanikabidhi. "Utafungia kuni," alisema.

Wadogo zangu mnaosoma hii, sisemi kila mtoto apewe upawa siku ya tatu. Wengine wanahitaji siku kumi, na wapo ambao kimya ni chao na hakina ugonjwa. Ninachosema ni kwamba ukimpenda mtoto angalia umemkalisha wapi. Kijana hajifunzi kuishi na wenzake kwa kuketi na mtu mzima anayemwelewa kabla hajasema. Mimi nilimwelewa Esha upesi mno. Theresia hakumwelewa, ikabidi aelezwe, na katika kule kueleza Esha akapata maneno. Na mwacheni mtoto mwenye mdomo kidogo, si kila kelele ni ukatili. Mengine ni chumvi, na chumvi mnaijua, mnaniuliza kila siku.

Nimebakiza jambo moja, nalo halinipendezi sana.

Wiki iliyofuata nilirudia kumwekea sahani. Najua. Nilijiambia ni tahadhari, huenda wakagombana. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Sahani ya maua mekundu ilikaa chini ya mfuniko mpaka mchuzi ukaganda, na mimi nikaila baadaye nimesimama, mgongo kwa jiko. Nilifurahi, na niliumia, na sikuweza kuvitenganisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mwaka mzima kwenye lile gogo hakuwa amekaa mpweke mmoja. Tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa mkuu wa jiko.

Jumatano alitokea mlangoni. Theresia alikuwa nyuma yake, anajifanya anaangalia kuku. Esha aliinua mfuniko, akaiona sahani imejaa.

"Mama, hii usiniwekee tena. Kijiko nitabaki nacho."

"Sawa," nilisema. "Nilikuwa najaribu tu."

Hakuondoka. "Na wewe unakula na nani?"

"Mimi hula nikimaliza kazi."

"Sikuuliza saa ngapi, mama. Nimeuliza na nani."

Nilimweleza kanuni ya Mzee Saidi, kwamba mpishi hali na walaji, kwamba atapendelea sinia. Theresia akaacha kuku wake. "Upendelee letu," alisema, "kwani kuna ubaya gani?" Lakini Esha hakucheka. Alichukua ile sahani, tukamfuata ukumbini, akakimwaga chakula chote kwenye sinia lao, juu ya ugali wa wenzake, akalisogeza kidogo kupata nafasi ya mtu wa saba. Kisha akaleta birika na beseni, akalishika lile birika kwa mkono wake wa kushoto, imara, akanisubiri.

"Nawa, mama. Ugali unapoa."

Nikanawa, mikono yote miwili, nikakaa chini.